Watoto waja kumsalimia bibi: vidonge vya malaria vinunuliwe?

Krismasi inakaribia na maswali ya wazazi walioko ughaibuni yameanza kuingia. Hili ni la baba mmoja wa Birmingham, Uingereza, mwenyeji wa Nzega: "Nakuja na mama watoto na wanetu watatu, wiki mbili, wamwone bibi yao. Duka la dawa limenitajia bei ya vidonge vya kuzuia malaria kwa watu watano, nikakaa chini. Mimi nimekulia Nzega, malaria nimeugua mpaka nikaizoea, na dozi ya mseto huko haifiki bei ya chakula cha mchana huku. Kwa nini nisingoje, atakayeugua atibiwe?"

Nampenda baba huyu kwa kuwa amepiga hesabu hadharani. Wengi huipiga kimyakimya.

Tuanze na hilo la kukulia Nzega. Kinga ya mtu aliyekulia kwenye malaria si ya kudumu. Hushikiliwa na kuambukizwa mara kwa mara, na ukihamia nchi isiyo na malaria hupungua kadiri miaka inavyopita. Watoto waliozaliwa Birmingham hawakuwahi kuwa nayo hata siku moja. Mbele ya vimelea, wao na mtalii wa Norwei ni kitu kimoja, hata kama majina yao ni ya Kinyamwezi.

Kisha mahali. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa nchi nzima, watoto wapatao 8 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano walikuwa na vimelea. Mkoa wa Tabora, ilipo Nzega, walizidi 20. Arusha na Kilimanjaro hawakufika hata 1. Angekuwa anakuja Arusha mjini kwa harusi ya siku nne, mazungumzo yetu yangekuwa mengine. Lakini anakwenda Tabora, tena Desemba, mvua zimeshashuka na madimbwi yamejaa.

Sasa bei. Dawa zinazotumika sana ni tatu, na zinapishana kwa idadi ya vidonge. Atovakwoni iliyochanganywa na proguanili, ambayo wengi huijua kwa jina la Malarone, huanzwa siku moja au mbili kabla ya safari, humezwa kila siku, na huendelea siku 7 baada ya kuondoka. Kwa wiki mbili za Nzega, mtu mzima anahitaji vidonge 23. Kwa kawaida ndiyo ghali, na ndiyo inayosumbua watu kidogo zaidi. Ikimezwa na chakula au maziwa hufanya kazi vizuri. Watoto wana vidonge vyao vidogo, na idadi hutegemea uzito, kwa hiyo mpime mtoto kabla ya kwenda kununua.

Doksisaiklini ni rahisi mfukoni, ila humezwa kila siku hadi wiki 4 baada ya safari, hivyo vidonge vinafika 44. Hufanya ngozi iungue upesi juani, na haifai kwa mjamzito wala mtoto mdogo. Uingereza hawampi aliye chini ya miaka 12. Meflokwini ni kidonge kimoja kwa wiki, jambo zuri kwa mtoto msumbufu wa dawa. Lakini huwaletea baadhi ya watu ndoto mbaya, wasiwasi, hata kuchanganyikiwa. Aliyewahi kuugua sonona au kifafa asiiguse. Huanzwa wiki 2 au 3 kabla ya safari, na hiyo husaidia kuona mapema kama itakukataa.

Watu hujaribu kuokoa pesa kwenye zile siku za mwisho: wamefika nyumbani, mbu hakuna, vidonge vinaachwa kabatini. Hapo ndipo hasara ilipo. Vimelea vilivyoingia siku ya mwisho hujificha kwanza kwenye ini. Malarone huvipiga hukohuko, ndiyo maana siku 7 zinatosha. Hizo nyingine mbili huvisubiri vitoke kwenye damu, kwa hiyo zinahitaji wiki 4. Ukikatiza, umelipa nauli ukashuka kabla ya kituo.

Na hoja ya kungoja? Ina ukweli. Zahanati zetu zina kipimo cha haraka na mseto, na wahudumu wanaijua malaria. Tatizo ni kalenda. Tangu mbu aume hadi homa ianze hupita angalau siku 7, mara nyingi 10 hadi 14. Kwa safari ya wiki mbili, homa nyingi zitaanzia Birmingham, Januari, wakati kila mtoto darasani ana mafua. Na kwa mtoto asiye na kinga, homa ya jana inaweza kuwa degedege la kesho. Ile dozi ya bei ya chakula cha mchana itakuwa imebaki Nzega.

Kwa hiyo ningemjibu: nunua, na kwa watoto usipunguze hata kidonge. Kama pesa haitoshi watu watano, muulize mfamasia kama ninyi wazazi mnaweza kutumia doksisaiklini, watoto wapate Malarone. Mama akiwa mjamzito, wazungumze na daktari kwanza kama safari yenyewe inaweza kusogezwa. Mwenye selimundu naye asisafiri bila ushauri wa daktari. Malaria humwangusha vibaya. Msinywe mseto "wa kujikinga": ule ni wa kutibu. Na vidonge haviondoi chandarua chenye dawa. Bibi anacho, mwombeni kabla hamjafika.

Mzazi wa Moshi au Njombe unayempeleka mwanao Tabora au Kigoma likizo, nawe pia mtoto wako ni mgeni wa malaria. Chandarua kila usiku, na homa ikianza apimwe siku hiyohiyo.

Mkisharudi, homa yoyote ndani ya miezi mitatu, hata ndani ya mwaka, hata kama vidonge vilimezwa vyote, nendeni hospitali siku hiyo. Na sentensi ya kwanza pale mapokezi iwe: tulikuwa Tanzania, tunaomba kipimo cha malaria.