Asiyesema Naye Ana Utani Wake



Wiki hii tumesoma kitabu cha watoto kilichotuchekesha, kisha kikatutia haya. Ni riwaya ya Out of My Mind ya Sharon Draper, aliyekuwa mwalimu huko Marekani, iliyochapishwa mwaka 2010. Msimulizi ni Melody, binti wa takriban miaka 11 aliyezaliwa na mtindio wa ubongo. Hatembei, wala hajapata kutamka hata neno moja. Lakini kila alisikialo hulihifadhi, na kimoyomoyo huwatania wakubwa wote wanaomzunguka.

Darasani mwalimu anarudia alfabeti siku baada ya siku, na Melody, aliyekwisha kuijua zamani, anachoka hadi anapiga mayowe. Nyumbani, samaki wake anaruka nje ya bakuli. Anajitahidi kuyamwaga maji ili amwokoe, mama anaingia na kudhani kuwa yeye ndiye aliyefanya utundu. Msomaji anacheka, huku moyo ukimuuma.

Kipo pia kicheko cha namna nyingine. Melody anapopata alama zote katika jaribio la chemshabongo, mwalimu anasema mbele ya darasa kwamba bila shaka maswali yake yalikuwa mepesi mno. Darasa zima linacheka, isipokuwa yeye. Hiki ndicho kicheko tulichokatazwa katika Surat al-Hujurat, aya ya 11: watu wasiwadharau wenzao, huenda hao wakawa bora kuliko wao.

Nasi tusijitoe. Hapa Mikocheni tunaye jirani mwenye binti asiyesema. Kila tulipokwenda kuwajulia hali, tulimuuliza mama, binti akiwa papo hapo: “Huyu anaelewa?” Baada ya kukisoma kitabu hiki tulimgeukia mwenyewe, tukamtolea salamu, tukangoja. Akaweka mkono kifuani, akatutazama, kisha akaangua kicheko. Tunadhani alitucheka kwa kuchelewa kwetu, na alikuwa na haki.

Melody alifunguka kwanza kwa ubao wa maneno, baadaye kwa mashine ya kusemea. Mashine ni ghali, ila ubao hauhitaji zaidi ya kipande cha boksi, picha na kalamu. Mzazi aandike: maji, chakula, choo, naumwa, nataka, sitaki. Kisha aongeze neno ambalo wengi wetu hulisahau: nakutania. Mtoto asiyesema hana shida ya tumbo peke yake. Naye anatamani kuwachekesha wenziwe.

Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza. Anayekisoma awasimulie wanawe kwa Kiswahili baada ya Isha, na awaulize swali moja: ni nani nyumbani kwetu ambaye hatujawahi kumngoja ajibu?