Goma si hoteli: tunaishi humu mwaka mzima



Jumamosi ukipita Himbi pembeni ya ziwa, unasikia muziki nyuma ya kuta. Kuta ndefu, waya wa miiba juu, jenereta inalia. Jumatatu muziki umekwisha, na nyumba zingine zinabakia na sentineli peke yake mpaka wikendi ingine. Saa ileile mama wa Kyeshero anateremka Kituku na bido ya njano kuchota maji ya ziwa, kwa sababu robine ya kwao imekauka. Yeye njo mukaaji. Lakini mji unajengwa kwa ajili ya yule anayepita.

Tuseme wazi, kusudi kesho watu wasiseme tunachukia wageni: hapana. Mwenye kuja kuona Nyiragongo, karibu. Mwenye kuja kusaidia wakimbizi, karibu sana. Tunachokataa ni bei yake kugeuka bei yetu.

Wakubwa wetu wanakumbuka namna ilianza. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilifunika sehemu kubwa ya katikati ya mji. Mashirika yakafika mengi, na MONUC ilikuwa tayari hapa. Walitafuta nyumba yenye ukuta, yenye maji, karibu na ziwa, na walilipa dola bila kubishana. Wenye nyumba wakajifunza bei. Bei ile ikapanda kutoka Himbi mpaka Katindo, ikafika Ndosho, na leo hata nyumba ya mbao juu ya mawe ya lava kule Mugunga wanakuomba dola. Mwalimu naye analipwa franga, na siku zingine hata hizo franga hazifiki. Kisha tarehe 22 Mei 2021 lava ikashuka tena mpaka Buhene, maelfu ya nyumba zikaisha. Vita vya Rutshuru na Masisi navyo vimeleta watu. Wote hao wanatafuta chumba kimoja.

Mwenzetu mmoja anafundisha hapa Goma. Mwenye nyumba alipandisha loyer kutoka dola 60 mpaka 100, akasema kama hutaki, kuko shirika linangoja. Alipotafuta pengine, aliombwa garanti ya miezi sita, na komisioneri alitaka mwezi mmoja wake juu. Leo analala Gisenyi. Kila asubuhi anapanga laini ku Petite Barrière kuingia katika mji wake, na jioni anarudi kulala katika inchi ya wengine. Hayuko peke yake, mupite pale saa kumi na mbili asubuhi mujionee.

Sheria iko. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Mitatu, si sita, si kumi. Nani anaihesabu? Maajenti wa kodi ya IRL wanajua sana kufika mlangoni. Wanaomba kontra, wanaisoma, wanaona loyer ni ngapi ili wakate kodi. Macho yaleyale yanapita juu ya mstari wa garanti na hayaoni kitu. Basi tusiambiwe hakuna njia ya kujua.

Wenye nyumba wanatujibu kwamba nao wanalipa kodi nyingi, tena wamejenga kwa jasho bila mkopo wa benki. Ni kweli, na kodi za ovyo tutazipinga pamoja nao. Lakini jasho la mtu halimpi ruhusa ya kuvunja sheria juu ya mgongo wa mwengine.

Na sisi wenyewe tujitazame kidogo. Makomisioneri wengi ni vijana kama sisi. Wengine wetu tumekula hiyo mwezi moja ya juu, tukacheka.

Tunadai meri ya Goma ibandike hiyo sheria ku kila biro ya kwartie, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na shefu wa avenyu asitie sahihi kontra yenye garanti ya kupita miezi mitatu. Mashirika yanayokodi nyumba yaache kutoa pesa za mwaka mzima kwa mara moja, maana hiyo tabia njo inafundisha wenye nyumba kutudharau. Na njia za kushuka ziwani zilizofungwa na kuta zifunguliwe. Tangu 1973 sheria inasema udongo ni mali ya Taifa. Mama wa bido naye ni Taifa.

Kama uliombwa garanti ya kupita miezi mitatu, piga foto ya kontra au ya resi yako, ficha jina lako na la mwenye nyumba, ututumie kabla ya mwisho wa mwezi. Tutazichapa zote ku karatasi na kuzipeleka meri kwa miguu, mchana, bila fujo. Asiye na kontra aje vilevile. Wengi wetu hatujawahi kupewa hata moja.