Gari Likilala Uani, Je, Bima Nayo Ilale?



Katika mji wetu wa Gisenyi si vigumu kuona uani gari lililofunikwa turubai, na mwenyewe hayupo. Huenda amepelekwa kulinda amani Sudan Kusini au Jamhuri ya Afrika ya Kati. Huenda amehamishiwa kituo cha mbali. Au gari lenyewe linangoja kipuri ambacho fedha yake haijapatikana. Gari hilo halinywi petroli wala halili matairi, lakini ada ya bima huliwa siku kwa siku kama kawaida. Ndipo mama mwenye nyumba hujiuliza: je, asiransi hii haiwezi kupumzika nayo? Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni kwamba yaweza kupumzika, lakini si yote, wala si kimyakimya.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Bima ndogo ni ile inayowalipa watu wengine tunaowaumiza au tunaowaharibia mali kwa gari letu. Hapa Rwanda bima hiyo imekuwa ya lazima kisheria tangu mwaka 1975. Bima kubwa huongeza ulinzi wa gari lenyewe, yaani kugongana, moto, wizi na mengineyo yaliyoandikwa katika mkataba. Hii ni hiari yetu, isipokuwa gari limenunuliwa kwa mkopo na mkopeshaji akaitaja katika masharti yake. Mwenye deni la gari na asome kwanza karatasi za mkopo kabla hajagusa bima.

Sasa tufanye hesabu, kama wanafunzi mbele ya ubao. Tuchukue mfano tu: familia imelipa faranga 360,000 za bima kubwa kwa mwaka, na baba anaondoka baada ya miezi 4. Imebaki miezi 8. Njia ziko tatu.

Njia ya kwanza ni kuvunja mkataba. Kwa hesabu ya miezi, miezi 8 kati ya 12 ni faranga 240,000. Lakini tusikimbilie kuzipangia matumizi fedha hizo. Aghalabu mteja anapovunja mkataba mwenyewe, kampuni hutumia jedwali la muda mfupi, ambalo hukata zaidi ya miezi iliyokwisha kutumika. Ulizeni mapema: mtaturudishia kiasi gani, na lini?

Njia ya pili ni kusimamisha mkataba kwa muda. Hapa mara nyingi fedha hairudi mkononi. Hati ya bima hurudishwa kwa kampuni, na siku zilizosimama huongezwa mbele gari linaporudi barabarani. Si kila kampuni hukubali, na inayokubali yaweza kutaka gari lisimame kwa muda usiopungua kiwango fulani. Kwa hiyo ombi lipelekwe kabla ya safari, wala si baada ya miezi mitatu, kwani siku zilizopita bila taarifa hazihesabiwi.

Njia ya tatu ni kupunguza ulinzi. Gari lisilotembea haligongani na lori la Goma, kwa hiyo sehemu ya ada inayolipia hatari ya kugongana yaweza kuondolewa, zikabaki bima ndogo, moto na wizi. Kwa maoni ya mwandishi, njia hii ndiyo inayofaa nyumba nyingi. Akiba yake ni ndogo kuliko ya kuvunja mkataba, lakini haiachi nyumba wazi.

Kwa nini tusiache bima yote, maadamu gari halitoki? Tusikilize kisa cha Ureno. Mama mmoja aliacha kuendesha kwa sababu ya ugonjwa, akaliegesha gari lake katika ua wa nyumba yake, asilipie bima. Wala hakuliondoa katika daftari la serikali la magari yanayotumika. Mwezi wa Novemba 2006 mwanawe alilichukua bila ruhusa na bila yeye kujua. Gari liliacha barabara. Akafa kijana huyo pamoja na abiria wawili. Mfuko wa dhamana wa nchi hiyo uliwalipa jamaa za abiria, kisha ukamgeukia mama na kumdai zaidi ya yuro 437,000. Shauri likafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ambayo tarehe 4 Septemba 2018 iliamua kwamba gari linaloweza kutembea, na ambalo halijaondolewa rasmi katika matumizi, hapana budi liwe na bima, hata kama limelala uani kwa hiari ya mwenyewe.

Hukumu ya Ulaya haifungi mahakama zetu, lakini funzo lake halina mpaka. Ni nyumba gani ya askari isiyo na kijana wa miaka 17 anayejua ufunguo umewekwa wapi? Rwanda nayo ina Mfuko Maalumu wa Dhamana, unaowafidia watu walioumizwa na magari yasiyo na bima au yasiyojulikana. Mfuko huo umewekwa kwa ajili ya majeruhi, si kwa ajili ya kumsitiri mwenye gari.

Tena gari lililosimama halikosi adui. Wakazi wa Rubavu hatujasahau matetemeko yaliyopasua nyumba baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, wala mafuriko ya Sebeya ya usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023. Ukuta ukiangukia gari hauulizi kama lilikuwa safarini. Basi ulizeni kama mkataba unataja tetemeko na mafuriko, maana si kila mkataba huyataja. Juu ya vita, mikataba mingi huitoa waziwazi. Na sisi tulioona makombora yakivuka mpaka mwishoni mwa Januari 2025 tunajua kwamba neno hilo si la kupambia karatasi.

Iko akiba nyingine isiyo na hatari. Kama mkataba unakwisha mwezi wa tatu na safari ni mwezi wa sita, ulizeni bei ya miezi mitatu badala ya kulipia mwaka mzima. Kila mwezi mmoja utakuwa ghali kidogo, lakini jumla itakuwa ndogo. Vilevile msinunue Kadi ya Njano ya COMESA kwa gari lisilovuka mpaka. Kadi hiyo hutegemea bima ya nchini. Bima ikisimama, kadi haina nguvu.

Mkisha kuchagua, fanyeni hivi. Andikeni barua yenye namba ya gari, namba ya mkataba, tarehe ya kusimama na mahali gari litakapolala. Rudisheni hati mkitakiwa, na mdai stakabadhi. Ulizeni kama punguzo la kutopata ajali litahifadhiwa. Chomoeni waya wa betri, na ufunguo akae nao mtu mzima mmoja tu. Siku ya kulirudisha gari barabarani, bima ianze kwanza na gurudumu lifuate. Na mwangalie kama muda wa ukaguzi wa polisi haujakwisha.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Baba anapofunga mkoba wa safari, na akae na mama kwa nusu saa, mkataba ukiwa mezani kati yao. Anayebaki nyumbani ndiye atakayeulizwa jambo likitokea, kwa hiyo naye ayajue yaliyoandikwa.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kutunza matairi na betri ya gari lililosimama muda mrefu.