Kizima-moto si pambo la ukutani

Wakaaji wa Bukavu, vijana wenzetu,

Kila mara ni habari ile ile. Moto unaanza mu nyumba moja ya mbao kule Kadutu, upepo unausukuma, na mbele gari ya kuzima moto ifike nyumba za jirani zimekwisha. Hata gari ikifika, itapita wapi? Kati ya nyumba na nyumba, mutu mwenye kubeba bidoni ya maji anapita kwa shida.

Tunasema wazi: kulinda raia na mali yao ni kazi ya serikali, na hatutaacha kuidai. Lakini dakika za kwanza ni zetu. Ndiyo maana leo tunaongea juu ya kizima-moto, ile wengi wanaita extincteur.

Watu wananunua mutungi wowote, bora ni mwekundu. Hapana! Kizima-moto si dawa moja ya magonjwa yote. Kwanza ujiulize: kwangu ni nini inaweza kuwaka?

Mbao, godoro, nguo na karatasi: maji, povu ao poda ya ABC inafaa.

Esanse na mazuti: usimwange maji. Esanse inaelea juu ya maji na kutembeza moto mpaka kwa jirani. Hapo ni poda ao povu. Nyinyi bakadhafi wa barabarani, muwe pia na ndoo ya mchanga kandokando.

Umeme: kata kwanza, na maji usiguse. Kule Matadi-Kibala, Kinshasa, tarehe 2 Februari 2022, waya wa umeme ulianguka mu soko yenye ilijaa maji ya mvua. Watu 26 walikufa. Kwa cyber na sekretaria, mutungi wa gasi ya CO2 ni muzuri juu hauachi uchafu mu mashini. Lakini gasi hiyo inakata pumzi mu chumba kidogo: piga, kisha toka.

Mafuta ya kukaangia: maji inayalipusha. Zima jiko, funika sufuria na kifuniko, na uache ipoe.

Kwa nyumba na duka nyingi, poda ya ABC ya kilo 6 inatosha kuanzia. Ujue tu kwamba haimalize hata nusu dakika. Ni ya moto mudogo. Moto ukifika ku dari, toa watoto na ukimbie. Na lori ya esanse ikianguka, hakuna mutungi wa nyumbani wala bidoni ya kwenda kuchota: Sange, tarehe 2 Julai 2010, ilituzikisha watu zaidi ya 200.

Mbele ya kulipa, angalia: herufi ABC zimeandikwa? Mushale uko ku rangi ya kijani? Pini na kifungo chake viko? Tarehe ya kukaguliwa ni ya lini? Mutungi wa CO2 hauna mushale, basi waupime kwa kilo mbele yako. Nyumbani, utundike karibu na mulango, si nyuma ya jiko. Siku ya moto, simama metre 2 ao 3, mulango ukiwa nyuma yako. Vuta pini, elekeza chini kwenye moto unatokea, si ku ndimi zake, kamua, fagia kushoto na kuume.

Bei ni kali kwa jamaa moja, tunajua. Basi nyumba kumi zichange mutungi mumoja, ukae mahali kila mutu anapajua, na kila kijana wa avenyu ajue kuutumia. Wenye nyumba za kupangisha, hiyo ni deni yenu kwa wapangaji.

Na kwa wakubwa wa muji tunadai mambo tatu: mukague mitungi inayouzwa sokoni, mufungue njia kati ya nyumba, muweke maji ya kuzima moto mu kila kartye.

Moto haujui chama wala kabila. Tusingoje uingie ndio tuanze kutafuta ndoo.