Aliyewapekua Wapelelezi

Mwaka 1993 Erich Schmidt-Eenboom, ofisa wa zamani wa jeshi la Ujerumani aliyegeukia uandishi, alitoa kitabu kuhusu BND, shirika la ujasusi wa nje la nchi yake. Kilikuwa na habari za ndani mno. Kilichowakera wakubwa wa BND huko Pullach, pembezoni mwa Munich, ni swali moja tu: nani kamwambia?

Wakaanza kumfuatilia. Taasisi yake ya utafiti wa amani ilikuwa Weilheim, mji mdogo wa Bavaria, na huko watu wa BND walikaa wakitazama nani anaingia, nani anatoka. Umma ulikuja kujua Novemba 2005. Bunge likamkabidhi uchunguzi jaji mstaafu Gerhard Schäfer, na ripoti yake ilipotoka Mei 2006 ilisema wazi kwamba shirika lilivuka mipaka ya sheria.

Watetezi wa BND wana hoja, wala si ya kupuuza: siri ikivuja, jasusi aliye ugenini anaweza kuponzeka. Sawa. Ila aliyekula kiapo cha kutunza siri ni mtumishi, si mwandishi. Basi mvujaji asakwe humo humo ofisini: nani alichukua faili, nani alilitolea nakala. Ukimvizia mwandishi mlangoni, kila mgeni wake anaingia kwenye daftari lako, hata aliyekuja kuuliza habari za vitabu tu.

Kwangu mimi, la kuudhi zaidi ni kwamba baadhi ya waliopeleka taarifa Pullach walikuwa wanahabari wenyewe, wakiwachongea wenzao. Mwaka 1998 Schmidt-Eenboom alikuwa ameshaandika kitabu kizima juu ya uhusiano wa BND na wanahabari, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hakuonywa.

Baada ya kashfa, Ofisi ya Kansela ilipiga marufuku kuwatumia wanahabari kusaka wavujishaji. Hilo ni agizo la serikali, na serikali hubadilika. Mwaka 2020 Mahakama ya Katiba ilikwenda mbali zaidi: BND inafungwa na uhuru wa habari hata inaponasa mawasiliano ya wageni walio nje ya Ujerumani. Ushindi mkubwa, lakini hukumu hiyo ilihusu simu na intaneti. Mtu aliyeketi nje ya ofisi akihesabu wageni, au mwandishi anayeuza habari za mwenzake, haikumgusa.