Ibada hufundisha masikio



Asubuhi ya Jumamosi, Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa nne lilianguka Kariakoo likiwa na watu ndani. Wananchi walikimbilia pale wakiwa na nyundo, wengine mikono mitupu. Baadaye viongozi wa uokoaji wakatangaza kwamba wanawasiliana na baadhi ya waliofukiwa, na wamewapelekea oksijeni, maji na glukosi. Makumi waliokolewa. Zaidi ya 20 walipoteza maisha.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Kutoka Kariakoo hadi Azania Front au Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu unafika hata kwa miguu. Kule watu walikuwa bado chini ya kifusi. Huku ilikuwa saa ya ibada. Tangu siku ile nimebaki na swali: tunapokwenda ibadani wakati jirani amefukiwa, tunakwenda kufanya nini?

Wapo watakaosema saa ile ilikuwa ya kuchimba, si ya kuimba. Nakubali nusu. Waliochimba walifanya kazi takatifu, tena bila kuuliza aliye chini ni wa dini gani. Lakini siku ile kila mtu alisikia, kwa sababu jengo likianguka lina kishindo. Vilio vingi vya mjini havina kishindo. Yupo msichana wa dukani aliyesimama tangu asubuhi, hajui kama jioni atalipwa. Yupo kijana wa mkokoteni tunayempisha njia bila kumtazama usoni. Yupo baba ambaye biashara yake imekufa, lakini kila Jumapili anavaa suti ile ile, na ukimuuliza habari anajibu "nzuri". Hao nani anawasikia?

Hapo ndipo ninapoiona maana ya ibada. Ibada hutunyamazisha. Kwa saa moja au mbili tunaacha bei, simu na maneno yetu, tunasikiliza sauti isiyo yetu. Tukifanya hivyo wiki baada ya wiki, masikio yanajifunza. Anayezoea kumsikiliza Mungu, ambaye mara nyingi hapazi sauti, ataanza kumsikia na jirani asiyepaza sauti.

Isipokuwa hivyo, kuna kasoro. Soma Marko 10 habari za Bartimayo, yule kipofu wa Yeriko. Waliomkemea anyamaze hawakuwa maadui wa Yesu. Walikuwa umati uliokuwa ukiandamana naye. Walikuwa karibu na Bwana, lakini kilio kiliwaudhi. Yesu alisimama, akaagiza aitwe. Naye nabii Amosi, sura ya 5, anaonya kwamba Mungu huzikataa nyimbo zetu pale haki inapokosekana.

Leo spika zetu zinasikika mtaa wa tatu. Kwaya ina sare mpya, matangazo ni marefu, na kwenye mnada wa mavuno jogoo mmoja anauzwa mara tatu. Sina ugomvi na hayo. Mnada ule umejenga makanisa mengi na kuchangamsha wengi. Lakini ibada ikianza na kwisha bila hata dakika moja ya ukimya, tutatoka tukiwa tumejifunza kusema tu. Na usharika unaojua kusema tu utakuwa mwepesi wa kuchangia msiba, lakini mzito wa kugundua kwamba mwenzao alikuwa akizama miezi sita kabla.

Msomaji wangu, sikuombi upunguze ibada. Nakuomba uipe nafasi ikufundishe. Leo ukitoka kanisani, kabla hujakimbilia daladala, msalimie uliyekaa naye benchi moja. Akikwambia "nzuri", usiondoke. Simama kidogo, kama Yesu alivyosimama njiani. Huenda likafuata neno la pili, na hilo ndilo lenye habari yake.

Na kesho Jumatatu ukiwa Kariakoo, unaponunua au kuuza, mtazame usoni anayekubebea mzigo na umlipe mliyopatana. Hapo ibada ya leo itakuwa bado inaendelea.

Jumapili njema.