Ugeni Si Dharura



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Ndugu wazazi na wanafunzi, mama mmoja wa hapa Rwezamenyo alinisimamisha baada ya swala ya Magharibi akanionyesha simu yake. Mwanawe, niliyemsomesha Juzuu Amma, yuko Korea Kusini kimasomo. Katika video yuko mezani na wenzake. Pweza amekatwa muda huo huo, vipande bado vinajinyonganyonga sahanini, naye anatafuna huku anacheka. Mama akaniuliza: "Ustadhi, huyu si amekula haramu?" Nilipomwandikia kijana, alinijibu: "Ustadhi, niko ugenini, hii ni dharura."

Kwa maoni yangu, mama na mwana wote wamekosea, na makosa yao ndiyo yetu sote.

Tuanze na kijana. Dharura imeelezwa katika Suratul Baqara, aya ya 173: ni ya yule aliyebanwa na njaa bila kutamani wala kuvuka mpaka. Anayeogopa kufa hula kiasi cha kumwokoa, basi. Sasa wewe una mchele chumbani, una mayai, una samaki sokoni, dharura yako iko wapi? Hiyo ni hamu ya kuonekana! Ugeni unakupa ruhusa ya kufupisha swala ukiwa safarini, haukupi ruhusa ya kula kila kinachopita mbele yako.

Wengine watasema, "Tunaheshimu mila za wenyeji." Vizuri. Lakini Januari 2024 bunge la Korea Kusini lenyewe lilipitisha sheria ya kukomesha biashara ya nyama ya mbwa, na adhabu zake zimewekwa kuanza mwaka 2027. Wenyeji wamekaa wakajiuliza juu ya chakula chao cha zamani. Itakuwaje mgeni Mwislamu asijiulize chochote?

Sasa tuje kwa mama. Haramu si neno la kutupia kila chakula tusichokizoea. Mtume (S.A.W.) aliwekewa nyama ya dhabb, mjusi wa jangwani, akaacha kula kwa kuwa hakuwa chakula cha kwao. Khalid bin Walid akamla mbele yake, wala hakukatazwa. Ndugu zetu wa Bukoba na Kampala wanakula senene, na sisi hapa tunakunja uso, ilhali Maswahaba walikula nzige wakiwa vitani pamoja na Mtume. Na pweza huyo huyo huchomwa Forodhani, Zanzibar, Waislamu wakamla kwa raha zao.

Basi kosa liko wapi? Qur'ani inataka chakula kiwe halali na kiwe kizuri, yaani tayyib. Na katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, Mtume ametuamrisha wema katika kila jambo, hata katika kuchinja: kisu kinolewe, mnyama apumzishwe. Dini inayomhurumia mbuzi chini ya kisu haiwezi kufurahia kiumbe kinachofurukuta mdomoni ili watu wacheke.

Wanaosoma Ufaransa nao wasijione wamesalimika. Huko kuna ini la bata liitwalo foie gras. Bata hutiwa bomba kooni na kulishwa kwa nguvu mpaka ini livimbe, na sheria ya Ufaransa inalitambua kuwa urithi wa utamaduni wao. Sema bata huyo kachinjwa kwa Bismillahi. Je, Bismillahi ya mwisho inafuta mateso ya siku zote zile?

Lakini tusiwanyooshee vidole walio mbali tu. Asubuhi tazama barabara zetu: kuku wamefungwa miguu, wananing'inia kichwa chini kwenye baiskeli. Mbuzi kabanwa nyuma ya pikipiki. Siku ya Idi kisu kinanolewa mbele ya macho ya mnyama, jambo ambalo Mtume alilikemea, na watoto wetu wamesimama wanatazama. Tumewafundisha kuuliza "nani kachinja?" Hatukuwafundisha kuuliza "aliishije, na alikufaje?" Kijana wa Korea alitoka darasani kwangu. Sehemu ya lawama ni yangu.

Kwa hiyo, mwanafunzi, ukiletewa chakula usichokijua, uliza mambo matatu: ni halali? Kimepatikana bila dhuluma? Ninakila kwa haja au kwa maonyesho? Ukiwa na shaka, acha kwa adabu, kama Mtume alivyoiacha ile nyama bila kumtukana aliyeipika.

Na wewe mzazi, anza na kuku wa Ijumaa hii. Mbebe vizuri.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.